Chuma Kinachovutika

Ardhi ilipoanza kutetemeka asubuhi ile, Shemsa, mhandisi aliyelichora jengo la hospitali, alikuwa ghorofa ya nne akimnywesha mama yake uji. Jengo liliyumba, kitanda kikateleza taratibu kama kinachoelea majini. Shemsa alikizuia kwa goti, kisha akaushika mhimili wa mshazari ukutani, chuma kilichofungiwa ndani ya bomba la zege ili kisipinde. Alikisikia kikivutika na kurudi, kikivutika na kurudi.

"Mwanangu, tunaanguka?"

"Hatuanguki, mama. Chuma ndicho kinachoteseka, si sisi."

Mtikisiko ulipokoma, mama alicheka kama mtoto aliyeshuka kwenye bembea. Shemsa aligeukia dirishani. Vumbi la mji mzima lilikuwa likipaa polepole, likimeremeta juani.