Sehemu Tatu Tunazozipenda

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, Ijumaa, shangazi alirudisha chai jikoni mwa mkahawa kwa mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa imepoa. Ya pili ilikuwa na moto wa kutosha, lakini kikombe kilikuwa na ufa, na shangazi hakusafiri siku nzima kwa basi ili aje kunywea kigaeni.

Alitoa daftari mkobani akaandika: *Vikombe vina ufa.* Kando yake aliweka kadi ambayo maharusi walimwachia chumbani. Juu iliandikwa "Sehemu Tatu Tunazozipenda", kisha mkahawa, mgahawa na baa, kila mahali na saa yake. Chini, kwa mwandiko wa bibi harusi: "Kote wanatufahamu. Kula bila haraka."

"Baa," alisema shangazi. "Mgeni wa harusi anaelekezwa baa."

Wifi yake, mama wa bwana harusi, aliketi mbele yake na mkate hakuugusa. Alikuwa amevaa viatu vya kisigino kirefu na hereni za lulu, asubuhi yote hiyo, mwanamke wa miaka hamsini na minane.

"Ni baa tulivu, wifi."

"Hata kaburi ni tulivu."

Wifi alitazama saa ya ukutani, akasimama. "Mimi nakimbilia kwa fundi, gauni langu la kesho bado halijaisha. Wewe kula taratibu. Teksi itakuja kukuchukua."

Shangazi alimsindikiza kwa macho. Fundi cherehani anafuatwa kwa hereni za lulu! Kaka yake alioa sura, na sura yenyewe ilishaondoka.

Ndani ya mkoba, nyuma ya daftari, kulikuwa na barua ya pingamizi, kurasa mbili, imepigwa chapa. Kesho, Jumamosi, saa nne, kama kadi ya mwaliko ilivyosema, msajili wa ndoa angeuliza kama kuna mwenye sababu ya kuizuia ndoa hii. Shangazi angesimama amkabidhi. Pingamizi likishapokewa, ndoa haifungwi mpaka lisikilizwe, na kulisikiliza huchukua miezi. Miezi huwapa vijana akili. Alishafanya hivyo mara mbili katika ukoo. Mmoja wa vijana wale sasa ana miaka arobaini na mmoja na anajipikia mwenyewe.

Barua ilisema bwana harusi alishachumbia kwingine. Ilikuwa kweli, maana shangazi mwenyewe ndiye aliyekwenda kumposea, bila kumsumbua kijana kwa maswali. Alimpatia mhasibu, binti wa mwalimu mkuu. Kijana akaenda kuokota mpishi, mtu wa kunuka vitunguu, anayeitwa "dada" na kila mwosha vyombo wa mji huu.

Teksi ilifika saa nne na nusu. Dereva aliipita famasi moja yenye mlango wa kijani, na baada ya robo saa akaipita tena.

"Umepotea?"

"Barabara inatengenezwa, mama. Tunazunguka kidogo."

Shangazi hakuona koleo wala mchanga. Aliona mtu asiyeujua mji wake mwenyewe.

Mgahawani hapakuwa na mteja mwingine. Mhudumu, shati jeupe limepigwa pasi na ua limechomekwa kifuani, alimvutia kiti.

"Supu itachelewa kidogo, mama. Mpishi mkuu ametoka."

"Saa tano hii? Ametoka kwenda wapi?"

"Ana shughuli mjini."

"Mpishi ana shughuli gani zaidi ya kupika?"

Mhudumu alitabasamu, akatazama saa. Baada ya dakika kumi akaitazama tena. Shangazi akaandika: *Mvivu. Anahesabu dakika za kurudi kwao.*

Supu ilikuja baada ya dakika hamsini. Alionja kijiko kimoja, akaisukuma.

"Chumvi."

Mwenye haya angeomba radhi. Huyu uso ulimng'aa. "Tutakupikia nyingine, mama. Tunaanza mwanzo kabisa."

Iliwachukua dakika arobaini. Shangazi aliimaliza, kwa sababu ya njaa na si kwa sababu nyingine.

Saa saba kamili dereva alimshusha mlangoni mwa baa. Ndani, meza ndefu zilikuwa zimeunganishwa na kutandikwa vitambaa vyeupe. Mwanamke mmoja alikuwa akifuta glasi, mia na zaidi.

"Zote hizi za nani?"

"Za wageni, mama."

"Ijumaa mchana? Watu hawa hawana kazi?"

"Leo wameomba ruhusa."

Shangazi alisonya. Alichagua meza ndogo ya dirishani, akatoa barua, na chini ya ukurasa wa pili akaongeza aya kwa kalamu: kwamba upande wa bibi harusi ni watu wanaoacha kazi mchana kweupe ili wanywe. Alisoma aya hiyo mara mbili, akarekebisha koma moja, akaitia sahihi.

Saa saba na robo mlango ulifunguliwa. Waliingia wapishi kumi au zaidi, makovu ya jiko mikononi, wote wamevaa suti. Nyuma yao alikuja wifi na hereni zake za lulu, ameshika cheti cha ndoa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maziwa. Nyuma yake alikuwa mtoto wa kaka yake, tai imelegea, anacheka.

Bibi harusi aliwapita wote. Alikuja na gauni lake jeupe moja kwa moja hadi meza ya dirishani, akaweka mkono wenye pete juu ya barua.

"Shikamoo, shangazi," alisema. "Umeshiba?"