Muhuri wa Buluu

Bi Zamda, asiyeona, alialikwa kuijaribu tovuti ya hospitali mbele ya walioitengeneza. Simu yake ilimsomea kila kitu kwa sauti, mpaka ilipofika kwenye majibu ya vipimo vyake. Hapo ikasema, “Picha,” ikanyamaza.

Chande, mmoja wa watengenezaji, aliinamisha uso. Ni yeye aliyeamua majibu yawekwe kama picha, ili muhuri wa buluu wa hospitali uonekane vizuri.

“Yale ya kwanza nilisomewa na jirani, mwanangu,” alisema Bi Zamda. “Kufika jioni, mtaa mzima ulikuwa unanipa pole.”

Akamnyooshea simu. “Haya ya leo nisomee wewe.”

Chande alisoma kimoyomoyo, akakuta neno asilotaka kulitamka. Bi Zamda alikuwa amemtegea sikio. Chumba kizima pia.