Mikono ya Nakiete

Mwaka huu zamu ya kukopeshwa mikono imenifikia mimi. Kila ukoo hupewa saa moja kwa mwaka: marehemu mmoja anarudi katika mikono ya mjukuu, mikono tu, bila sauti. Nilimwomba Nakiete, mama yake bibi yangu, ambaye nasaba yetu inamtaja kwa neno moja: mfinyanzi.

Nilikuwa jikoni ganzi iliponishika vidoleni. Mikono ikainuka yenyewe. Ikachukua chungu changu cha mchuzi, ikakigonga kwa kifundo cha kidole, ikakisukuma pembeni kwa dharau. Mume wangu, Senkondo, akakiinua kwenye mwanga.

"Kweli kina ufa! Mwembamba kama unywele. Bibi hadanganyiki huyu!"

Tukacheka. Mikono ikakanda unga wa maandazi kama udongo wa vyungu wa kwao Usangi. Sijawahi kuona unga laini vile. Machozi yakanitoka.

"Asante, bibi," nikasema. "Asante kwa kutufikisha hapa."

Ndipo ikapanda usoni pangu, ikanipapasa paji, mashavu, shingo, jinsi mfinyanzi anavyokagua chungu kabla ya kukichoma. Chini ya taya la kushoto ikasimama. Ikabonyeza. Kidole gumba kikajichovya kwenye maji ya kukandia, kikarudi palepale, kikasugua taratibu kama kinachoziba ufa, mpaka saa ikaisha.

Senkondo hakucheka tena. "Kesho alfajiri twende hospitali," akasema.

Nimemshukuru Nakiete mara ya pili. Mikono sasa ni yangu, lakini bado sijathubutu kupagusa pale chini ya taya.