Sahihi ya Marehemu

Fomu ya ukaguzi wa kamba ilikuwa mezani, na msimamizi alikuwa ameweka kidole chini ya sahihi ya mtu aliyeanguka asubuhi ile kutoka ghorofa ya kumi na nane.

"Alikagua mwenyewe, akasaini. Kamba ilikuwa imechakaa, akaipitisha. Kosa ni lake, khalas. Nitamwambia mkewe hivyo hivyo."

Jairus, mwenzake marehemu kazini, aliitazama sahihi. Mkia wake ulijipinda kushoto, ukaikata herufi ya kwanza katikati. Wino ulikuwa umevuja kidogo pale kalamu ilipogeuka.

Marehemu alifundisha fasihi Kakamega kabla ya kuja Dubai kuosha vioo vya maghorofa. Kila siku basi la Satwa lilimwacha, akafika akihema, akamkuta Jairus ameshamwandalia kila kitu.

"Katika tenzi za Warumi," alipenda kusema, "shujaa ana mwenzake mwaminifu. Anambebea mishale, anamfuata kokote, na mshairi hampi ila mistari michache ya kusema. Huyo ni wewe, buda."

"Mishale yako ni ndoo na sabuni. Vaa mkanda, jua linapanda."

Leo pia alichelewa. Leo pia Jairus alijaza fomu zao zote mbili, na kamba hakuzigusa, kwa kuwa jana zilikuwa nzima.

"Una la kuongeza?" msimamizi aliuliza. "Mkewe anangoja kwenye simu."

Jairus alivuta karatasi tupu, akachukua kalamu, akasaini jina la marehemu; mkia ukajipinda kushoto, ukaikata herufi ya kwanza katikati. Kisha akaigeuza karatasi ili msimamizi aione.