Mlango wa Thierry

Kijana wa kwanza alitokea mbio kwenye kona ya njia ya Pinga, na kijijini hakuna aliyengoja afike ili amwulize kitu.

Kavuo alidondosha kisu na muhogo. Hakutazama njia. Alimtazama mumewe.

Thierry alikuwa amepiga magoti mbele ya nyumba, misumari mdomoni. Alipoacha jeshi, aliung'oa mlango wao ili usimcheleweshe usiku akitaka kutoka. Alipotoka mara ya mwisho alikaa msituni majuma mengi, akarudi halijui jina la mkewe. Lakini leo asubuhi, bila kuambiwa na mtu, aliuburuta mlango kutoka jikoni, akaanza kuupigilia bawaba.

Laetitia, muuguzi aliyekuwa akiwajia kwa pikipiki kutoka Pinga, alikuwa amemwonya Kavuo.

"Mama, asikimbie tena. Akirudia mu pori, hatutamupata tena. Kuko munganga wa mambo ya kichwa kule Goma, lakini ni franga mingi. Wacha nione na watu wa paroisse, wale wa kanisa."

Kisha mtandao wa simu ukakatika, na habari za Laetitia zikakatika nao.

Sasa magodoro yalikuwa tayari vichwani. Mbuzi walivutwa kwa kamba. Jirani yao, Papa Hakorimana, alipita na kuku wawili kwapani.

"Mama Kavuo, unangoja wakupigie saluti? Kimbia!"

"Masasi iko wapi, Papa? Mi sisikie bunduki."

"Utaisikia mu mugongo!"

Wengine watatu wakatokea kwenye kona, mmoja wao mwanamke. Hawakubeba kitu, hata mtoto. Nyuma yao pikipiki ilikuja ikipiga honi bila kukoma. Kavuo aliiona ile mikono mitupu, akataka kuifikiria, lakini nyundo ikaanguka chini.

"Thierry, ubaki. Tuko wote."

Thierry alitema misumari.

"Kuko kitu nyuma yao," alisema. Ilikuwa ile sauti ya zamani, isiyo na mtu ndani.

"Uniangalie. Uniangalie mimi."

Kavuo alimshika shati kwa mikono miwili. Shati likachanika begani. Thierry hakuwafuata wenzake walioteremka kwenye mashamba ya mihogo. Alivuka kijito peke yake, akapanda upande ule ambako miti imefungana.

Kavuo alimkimbiza mpaka akawa hasikii tena matawi yakivunjika. Akamwita. Akamwita kwa jina alilopewa na mama yake, ambalo hakuna aliyelitumia tangu azikwe yule mama. Alisimama hapo muda mrefu, hata sauti ikamkauka, na mvua ikaanza.

Hakuwa tena na mtu wa kukimbia naye. Akarudi kijijini, na lolote litakalomkuta huko limkute.

Nyumba zote zilikuwa wazi. Chungu cha jirani kiliungua jikoni. Mbele ya nyumba yake waliketi watu juu ya mlango uliokuwa bado chini, wamenyoosha miguu, wakipokezana kidumu chake cha maji na kucheka. Walivaa fulana nyeupe za aina moja, na kila mmoja alikuwa na namba kifuani.

Mwanamke mmoja akasimama, fulana imemlowa mvua. Alikuwa Laetitia.

"Mama Kavuo! Lakini watu wote wameenda wapi? Tuliwaza mutatupokea na ngoma." Akamfungulia mikono. "Tumefanya mashindano ya mbio, toka ku missioni mupaka hapa. Ni kwa ajili ya askari wa zamani, wale vita ilibakia mu kichwa. Na watu wametoa franga, Mama! Munganga atakuja. Umuite Thierry, tumwambie."