Picha ya Ubatizo

Stima ilipotea skana ikiwa imefika kwenye magoti ya mtoto. Opolot akapiga meza kwa kiganja. Asubuhi yote alikuwa anahangaika na picha hiyo moja: yeye mwenyewe akiwa mchanga, amekalishwa kitini nje ya kanisa la Chakol, kanzu nyeupe ya ubatizo imemfunika hadi vidole.

"Imerudi?" mama yake aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Bado, Mama."

"Basi ngoja. Hasira haileti stima."

Kungoja ndiko kulikomchosha. Kompyuta na skana alizinunua kwa ofisi moja ya mizigo iliyofungwa hapo Malaba, zote mbili zikiwa zimezeeka. Skana ilinguruma kama kinu cha kusaga mahindi, halafu kompyuta inaganda na kazi yote inaanza upya. Na macho ya mama yalizidi kuingia ukungu. Daktari alishasema wazi kwamba yatapofuka. Mchwa walikuwa wamekula pembe za picha nyingi za familia, na aliyewajua watu waliomo alikuwa amebaki mama tu. Opolot alitaka kila uso upate jina mapema.

Mwanzoni walikwenda vizuri. Kwenye karatasi mama hakuona kitu, lakini uso ukikuzwa mpaka ukajaa kioo cha kompyuta, alisogeza kiti na kutaja bila kusita.

"Huyo mjomba wako Ejoku. Huyo Atyang, yule aliolewa Tororo. Huyo wa kofia hata si mtu wetu. Alikuwa anapita tu, akaona kamera akasimama."

Stima iliporudi, skana ilikohoa ikaanza tena. Mtoto akajitokeza taratibu kwenye kioo: paji, macho, mashavu, kanzu. Safari hii akafika mzima. Opolot akamkuza.

"Haya, Mama. Huyu je?"

Mama alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kisha akaweka kiganja juu ya uso ule.

"Opolot," akasema. "Opolot wangu. Ona vile alikuwa amenona."

Opolot akacheka. "Nilikuwa na miezi mingapi hapo?"

"Wewe?" Mama aligeuka akamtazama. "Wewe ulikuwa hujafika."

"Mama, Opolot ni mimi."

"Najua jina lako."

Kicheko kikamkauka. Akauliza tena, polepole, kama anayemwuliza mtoto. Jibu likawa lile lile. Alipotaka kuzima mashine ipoe, mama alimshika mkono.

"Usizime. Niachie kidogo."

Kesho yake mama hakutaka kuona picha nyingine. Mjomba Ejoku hapana, harusi hapana. Alitaka mtoto yule tu, na mbele yake chai ilipoa bila kuguswa. Opolot alivumilia mpaka akashindwa.

"Mama, niangalie! Mimi ni nani?"

"Mtoto wangu. Usinipigie kelele."

"Na huyu?"

"Mtoto wangu."

"Si basi ni mtu mmoja!"

Mama akakigeukia kioo tena. Opolot alitoka nje. Hakuwa amewahi kumpandishia mama sauti, na sasa alikuwa amemfokea kwa kosa la kuzeeka. Alienda moja kwa moja hadi kwenye simu ya barabarani, akampigia dada yake mkubwa, Akurut, aliyekuwa mwalimu Bumala.

"Dada, mama anapotea. Tulidhani ni macho, kumbe ni kichwa." Akamweleza yote.

Akatia sarafu nyingine simu isikatike.

"Usibishane naye," Akurut akasema. "Usimpeleke popote. Nakuja."

Alifika Jumamosi, akapita sebuleni bila hata kuweka mkoba chini, akaketi karibu na mama. Opolot alikuwa tayari ameileta picha kwenye kioo.

"Mwambie dada, Mama. Huyu ni nani?"

Mama alikunja mikono mapajani. "Baba yenu alikataza."

"Unasikia?" Opolot alimgeukia dada yake. "Mzee tumemzika juzi juzi, naye bado anaogopa atamgombeza. Nimeshaulizia hospitali Eldoret. Jumatatu tunaenda."

"Hamwendi. Kaa chini."

"Dada, wewe hujakaa naye wiki hii..."

"Kaa, Opolot." Akurut alikuwa anakitazama kioo, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Mama hajapotea. Huyu mtoto surua ilimchukua hata mwezi haujaisha tangu abatizwe. Tulimzika Chakol. Nilikuwepo, mimi ndiye nilishika mshumaa."

Skana iliendelea kunguruma bila kitu ndani yake. Opolot alimtazama mtoto, akamtazama dada yake, akaishia kwa mama.

"Na mimi?"

Mama alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata uso wake.

"Ni ule mwaka wa mapinduzi kule Uganda, watu walikuwa wanavuka mto usiku na mchana," akasema. "Mama mmoja alikuweka mikononi mwangu pale darajani, akasema anarudi ng'ambo kumchukua binti yake. Nilimngoja mpaka giza, mwanangu. Ulikuwa unalia njaa, na maziwa ya Opolot yalikuwa bado yanatoka."