Kicheko cha Mwasiti

“Nikitoka msikitini nizikute uani, nizichome,” Shomari alimwambia dada yake. “Kesho wakwe wa binti yako wanakuja. Wasije wakakuona umevaa kaniki, unacheka kichawi!”

Mwasiti hakubisha, kubishana na Shomari ni kutwanga maji kwenye kinu. Ujanani aliigiza mchawi katika filamu saba, na diski zake ndizo hizo alizotakiwa kuzitoa.

Kaka mtu alipotoka tu, akawasha kompyuta ya bintiye, akazinakili humo moja baada ya nyingine. Ya saba ilijaa mikwaruzo, ikagoma katikati. Akaipaka dawa ya meno, akaisugua taratibu kwa pindo la kanga, akairudisha. Ikakubali.

Shomari alirudi akakuta diski zote zimerundikwa juu ya makuti makavu, na dada yake ameshika kiberiti.

“Afadhali umeelewa.”

“Shika, kaka. Washa mwenyewe.”

Diski zilipoanza kujikunja, Mwasiti aliingia ndani, akafungulia sauti ya kompyuta mpaka mwisho.

Kicheko kikafyatuka dirishani, kile kile cha miaka ishirini iliyopita, kirefu, kisicho na haya. Shomari akarudi nyuma hatua mbili, macho kaukodolea moto.